Mtungi wa Mwenye Dada

Kamba kochi hamwogopi mtu. Ukimkuta chini ya mwamba, pima saba ndani ya maji, anakunyooshea zile ndevu zake mbili ndefu, anakupapasa glavu kama fundi cherehani anayempima mteja, kisha anarudi nyuma hatua moja tu. Anajua shimo lake ni jembamba na mkono wako ni mnene. Anayemwogopa ni pweza. Hayo nilifundishwa na shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtu aliyenifundisha kupumua chini ya maji, na ambaye kwa wiki mbili za kaskazi moja niliamini kwamba anataka kuniua.

Ilikuwa Msimbati, kijijini kwetu pwani ya kusini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Asubuhi tulianza kwa kutafuta pweza mdogo kwenye mawe ya maji machache, tukamfunga akiwa hai kwenye ncha ya fimbo, tukashuka naye. Mmoja alimpenyeza pweza upande wa nyuma wa mwamba, mwingine alisubiri mbele, kiganja wazi. Kamba kochi anapoona ile mikono minane ikijikunjua ndani ya shimo lake, husahau yote aliyowahi kujifunza kuhusu binadamu. Anakimbilia kwenye mwanga, na kwenye mwanga ndipo ulipo mkono. Unamkandamiza mgongo kwenye mchanga, unamshika kwenye shina la pembe, kamwe si kwenye ndevu, kwa sababu ndevu zikikatika mnunuzi hamtaki. Hotelini walimtaka mzima kama alivyoumbwa. Wenzetu wa kijijini walizama kwa pumzi ya kifuani na kuwachoma kwa vyuma vyenye ncha. Sisi tulikuwa na mitungi ya hewa, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kungoja.

Mitungi hiyo miwili, pamoja na kompresa ya petroli ya kuijazia, aliiacha kwetu mnunuzi mmoja mwenye duka Chikongola, mjini. Aliiacha na maneno kwamba kibali cha kuvua kwa mitungi kipo. Kibali hicho hatukukiona hata siku moja, na nadhani ndipo nilipoanza tabia ya kutazama vitu mara mbili.

Shemeji alikuwa mtu wa Mikindani. Alikuwa amezama miaka mingi akitafuta majongoo bahari, amenipita umri kwa miaka kumi, na mwili wake ulikuwa umezoea maji hivi kwamba nchi kavu alitembea kama mtu aliyevaa nguo za kuazima. Lakini kwetu mwanamume huoa na kuhamia kwa mke, na huko aliko, kaka wa mke ndiye mwenye dada, mkubwa wake hata akiwa mdogo kwa umri. Mimi, kijana wa miaka ishirini na mbili niliyekuwa nyumbani nikisubiri chuo, nikiandika hadithi kwenye madaftari ya shule na kuzificha chini ya godoro, ndiye niliyekuwa mwenye dada. Chakula kikija hakunawa kabla yangu. Tukikutana njiani alinipisha. Nilikuwa nikiona haya, baadaye nikazoea, na mwishowe, lazima nikiri, nikapenda.

Heshima hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Shemeji na shemeji ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Mjomba wangu wa Mahurunga alikuwa ameniachia mikorosho yake, na kwa mila ya kwetu, achilia mbali ya msikitini, mrithi wa mjomba ni mtoto wa dada. Mwezi ule dada yangu alijifungua mtoto wa kiume. Tangu siku hiyo, kila shemeji aliponikabidhi mtungi wangu alisema hivi:

"Vuta taratibu, shemeji. Hiyo ni mikorosho ya mwanangu."

Nami nikamjibu kwamba mwanawe atarithi majimoto tu, wale wadudu wekundu wanaoishi kwenye majani ya mkorosho na kumuuma kila anayepita chini. Dada, aliyekuwa ndani na mtoto kwa arobaini yake, alicheka nyuma ya ukuta. Tulikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu baadaye niliyarudia maneno hayo moja moja, nikitafuta mahali ambapo mzaha ulikuwa umekwisha.

Yapata wiki moja baada ya mtoto kuzaliwa, kichwa kilianza kuniuma. Hakikuuma kama cha homa. Kilikaza kutoka pande zote, kama ngoma iliyowambwa na kuoteshwa moto. Nilitoka majini miguu ikiwa haina nguvu, nikatapika pembeni mwa ngalawa. Shemeji alinipa maji, akanitania kwamba labda na mimi nina mimba. Yeye alikuwa mzima. Alipiga makasia akiimba.

Siku ya pili nilisema ni jua. Siku ya tatu nilisema ni njaa. Siku ya nne, pima saba chini, nilionja ile hewa ulimini mwangu na nikatambua ladha yake. Ilikuwa ladha ya kibatari kilichozimwa sasa hivi, hafifu sana, iliyokuja na kupotea. Nilimtazama shemeji kupitia miwani. Alikuwa ameinama mbele ya shimo, kiganja wazi, mapovu yake yakipanda taratibu kama ya mtu aliyelala usingizi mzuri.

Unamuulizaje mtani kama anakuua? Jioni nilijaribu. Nilimwambia, kwa sauti niliyoifanya nyepesi, kwamba hewa ya mtungi wangu sijui ina nini siku hizi.

"Ina kifo kidogo tu," akasema, huku akitengeneza glavu yake. "Kikubwa nakutunzia cha Idi."

Dada akacheka nyuma ya ukuta. Nami nikacheka, kwa sababu kukasirikia utani wa shemeji ni aibu ambayo ingezungumzwa mpaka Mahurunga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mimi na yeye hatukuwa na lugha ya kuulizana jambo la kweli. Kulikuwa na heshima, na kulikuwa na mzaha, na katikati hapakuwa na kitu.

Mama yangu mkubwa alikuja kutoka Mahurunga kumwona mtoto, na kikapu cha unga wa muhogo kichwani. Alinikuta nimeinama nyuma ya choo. Hakuniuliza ninaumwa nini. Aliniuliza nani anajaza ule mtungi. Nikamwambia. Akauliza mtungi wa pili, wa yule bwana mwenyewe, unajazwa na nani. Nikamwambia ni yeye yeye. Akatazama upande wa nyumba alimokuwa mjukuu wake, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, anayekujazia pumzi hahitaji kisu."

Maneno yale sikuyahitaji. Nilikwisha kuwa nayo. Yeye aliyapa mwili tu.

Nikaanza kumpeleleza. Zamani kompresa ilikaa mbele ya nyumba, uwanjani, ikipiga kelele hadharani. Baada ya mtoto kuzaliwa shemeji aliihamishia nyuma, kwenye kibanda cha makuti kilichozibwa pande tatu. Alisema ni kwa ajili ya usingizi wa mtoto. Mimi nikasema moyoni ni kwa ajili ya macho. Nikagundua pia kwamba mitungi haikujazwa pamoja. Wangu ulijazwa alfajiri, kabla jua halijachomoza, akiwa peke yake na taa ya chemli. Wake ulijazwa baadaye, jua limeshapanda, akipiga mluzi, milango ya nyumba ikiwa wazi. Nililala macho wazi nikisikiliza injini ikizimwa na kuwashwa tena, nikajiuliza swali moja: mtu mwenye nia safi ana sababu gani ya kujaza mitungi miwili nyakati mbili?

Alfajiri moja nilinyata mpaka upenuni. Nilimwona amepiga magoti mbele ya mtungi wangu. Aliuviringishia gunia lililolowa maji, akafunga kitambaa chekundu shingoni mwake, kipande cha khanga ya dada kilichokuwa alama yangu, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Mtungi wake, uliosimama kando, hakuusemea kitu. Nilirudi kitandani nikiwa na baridi mwili mzima. Leo najua kwamba gunia lilikuwa la kupoza chuma, na aliyokuwa akisema ni bismillahi. Lakini shaka ni kama miwani ya majini: kila kitu ukionacho humo ni kikubwa kuliko kilivyo na kiko karibu kuliko kilipo.

Ningeweza kuacha kuzama. Ningeweza kumwita mjomba mwingine, tukakaa barazani, tukaongea. Badala yake nilifanya jambo ambalo sijapata kuliandika mpaka leo.

Siku ile shemeji aliiweka mitungi yote miwili ndani ya ngalawa, akarudi nyumbani kuchukua fimbo ya pweza. Nikafungua kitambaa chekundu kwenye mtungi wangu, nikakifunga kwenye mtungi wake. Mikono yangu ilifanya haraka kuliko akili. Nilijiambia ni jaribio. Kama hewa ni safi, hakuna atakayedhurika. Kama si safi, atakataa kuuvaa, na kukataa kwake kutakuwa ushahidi wangu. Nilijiona mwerevu sana. Nilikuwa nimesoma hadithi nyingi ambamo mwenye hatia hujulikana kwa namna anavyokitazama kikombe.

Na kweli alitazama. Tulipofika juu ya mwamba na kutia nanga, aliinama kuchukua mtungi, mkono wake ukasimama juu ya kitambaa. Alikishika kwa vidole viwili. Akanitazama, akautazama ule mwingine. Nikasema leo ndiyo leo. Halafu akausogeza kwangu ule wenye kitambaa, akavaa uliobaki, akaufunga mkanda kifuani. Siku ile hakusema neno lolote kuhusu mikorosho.

Nilipaswa kusema hapo. Maji yalikuwa shwari, tulikuwa bado juu, maneno yalikuwa mawili tu. Lakini nilikuwa nimeshikwa na mshangao, na mshangao kwa mtu mwenye shaka hugeuka haraka kuwa shaka nyingine. Nikawaza: basi leo hakutia kitu. Au amebadilisha kabla yangu. Au anajua kwamba najua. Nikauma mpira wa hewa, nikajirusha majini kinyumenyume.

Hewa yangu ilikuwa safi. Niliionja kama mtu anayeonja maji ya kisima kipya, na haikuwa na ladha yoyote. Chini kulikuwa kweupe, mchanga umetulia, na kwenye mwamba wa kwanza ndevu zilikuwa zimejipanga kama vijiti vya mapazia. Shemeji alikaa mbele, mimi nikapeleka pweza nyuma. Walitoka wanne. Aliwashika wote wanne, mmoja baada ya mwingine, bila kukata udevu, akawatia wavuni. Nikaanza kuona aibu. Kwenye mwamba wa pili walitoka watatu, akashika mmoja.

Kwenye mwamba wa tatu alimshika kamba kochi mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, akamgeuza, akamtazama tumboni, kisha akafungua vidole na kumwacha aende. Yule mtu hakuwahi kumwachia hata mmoja. Aliutazama mkono wake mtupu kama mkono wa mtu mwingine. Wavu nao ukamponyoka. Midomo yake, kuzunguka ule mpira, ilikuwa nyekundu isivyo kawaida, na macho nyuma ya kioo yalikuwa yakitabasamu, na kilichoyafanya yatabasamu hakikuwepo mbele yao.

Nilimfuata. Nilifungua mkanda wake wa risasi, ule wa uzito wa kuzamia, nikafungua na wangu, tukapanda pamoja, mkono wangu mmoja ukiushikilia mpira mdomoni mwake. Karibu na juu alilegea kabisa. Nilimtoa kichwa nje ya maji, nikamning'iniza kwenye mti wa ubavuni mwa ngalawa, nikampiga mgongoni, nikamwita. Nilimwita shemeji. Nilimwita kwa jina lake, ambalo sikuwahi kulitamka mbele yake. Nikamwambia pumua, mikorosho chukua, chukua yote. Hatimaye akatapika, akavuta hewa kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, akaendelea kuvuta, na kila pumzi moja niliihesabu kama mchawi aliyehurumiwa.

Nyumbani tulimlaza barazani kwenye upepo. Watu walikuja na dawa zao na fununu zao. Mama mkubwa alisimama mlangoni, hakusogea karibu. Dada alitoka ndani kabla ya arobaini yake kwisha, akakaa miguuni pa mumewe, akaniuliza kimetokea nini huko chini. Nami, badala ya kujibu, nikamrushia yale yaliyokuwa yakinikaba: kwa nini mumewe anajaza mtungi wangu gizani, peke yake, na wa kwake anausubirisha mpaka kuche?

Alinitazama kwa muda mrefu, kama anatafuta mzaha ulipo.

"Ulitaka aanze wake?" akasema. "Yeye ashibe, mwenye dada apewe mabaki? Kaka, yule hata maji ya kuoga hachoti kabla yako."

Sikulala. Alfajiri nilikwenda kibandani, nikawasha kompresa mwenyewe, nikakaa kwenye ndoo kutazama. Upepo wa nchi kavu, huu wa umande unaoshuka kuelekea baharini kabla ya jua, ulikuwa ukiingia kwa upande wa wazi wa kibanda. Moshi wa injini ulitoka, ukapiga makuti, ukakosa pa kwenda, ukarudi chinichini kama paka na kujikusanya hasa pale ulipoanzia mpira wa kuvutia hewa. Nilikaa hapo mpaka jua lilipopanda. Upepo ukafa kidogo, kisha ukageuka, ukaanza kuvuma kutoka baharini. Moshi ukainuka, ukapita juu ya makuti, ukaenda zake. Kuanzia hapo mpira ulivuta hewa safi. Saa hiyo ndiyo aliyokuwa akijaza mtungi wake kila siku, baada ya kumaliza wa mkubwa wake.

Nilimweleza siku ya tatu, alipoweza kukaa na kunywa uji. Nilimweleza habari ya moshi kwanza. Akatikisa kichwa, akajilaumu. Alisema mtu aliyezama miaka yote ile alipaswa kuujua upepo. Kisha nikamweleza habari ya kitambaa. Nilisema yote: mama mkubwa, gunia, mikorosho, jaribio. Niliongea nikiutazama mkeka.

"Niliona," akasema. "Lile fundo sikulifunga mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi aliuvaa.

"Nilidhani umeona wangu umejaa zaidi. Nikasema mwenye dada amechagua." Akakorogakoroga uji. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliiweka mahali nisipoweza kuifikia. Akaweka bakuli chini, akasema: "Lakini kama uliogopa, shemeji, ungesema tu unaumwa jino. Tungekaa nyumbani. Nani angekulazimisha kuzama na jino?"

Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko lawama. Alikuwa amenitafutia mlango ambao mimi, mwenye maneno mengi na madaftari chini ya godoro, sikuuona kwa wiki mbili nzima.

Kompresa ilirudi uwanjani, mbele ya nyumba, na mpira wa kuvutia hewa tuliuinua kwenye mti mrefu, juu ya paa. Mtoto alilala vilevile. Wiki iliyofuata, maji yalipokuwa mazuri tena, nilisikia injini ikiwaka alfajiri. Niliamka. Shemeji alijaza mtungi mmoja, akaizima injini, akaufunga kitambaa chekundu, akaja nao mpaka pale nilipokaa kizingitini. Aliuweka mbele yangu kwa mikono miwili. Hakusema kwamba nivute taratibu. Alisimama tu, akisubiri, na uso wake ulikuwa wa heshima tupu.

Nilifungua vali kidogo, nikanusa. Hapakuwa na harufu ya kibatari. Hapakuwa na chochote. Niliufunga, nikaufungua tena, nikanusa mara ya pili, na nilipoinua macho nikaona ameiona ile mara ya pili.

Nikamwambia leo jino linaniuma.

"Pole," akasema. "Sukutua na maji ya chumvi."

Akauinua mtungi, akautia begani, akaenda kukaa kando ya ngalawa, mgongo wake kwangu, akaanza kumfungua kwenye fimbo pweza aliyekwisha kumtafuta usiku.